Hita ya gari ikipuliza baridi: shika mipira miwili kabla ya kununua kifaa

Umewasha gari, umesubiri injini ipate moto, umezungusha kitufe cha hita hadi kwenye nyekundu, na feni inavuma vizuri kabisa. Ila kinachokufikia magotini ni baridi. Hapo ndipo wengi wetu tunapoanza kutaja majina ya vifaa: itakuwa thamostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka injini ipate moto), itakuwa pampu ya maji. Mimi nilitaja thamostati. Nikanunua mpya, nikashinda nusu siku nimeinama juu ya injini, nikaifunga, nikajaza kulanti (maji ya kupoza injini yenye dawa), nikawasha. Baridi ile ile. Kumbe kilichokufa kilikuwa kimota cha plastiki nyuma ya dashibodi, na ningelijua hilo ndani ya sekunde tano kama ningeshika tu mipira miwili inayopeleka na kurudisha maji ya hita. Yote miwili ilikuwa ya moto tangu mwanzo.

Kwa hiyo mwongozo huu wote unaizunguka mipira hiyo. Hatua zimepangwa kuanzia kwa zile zisizogharimu kitu hadi zile za kufungua vitu, na ni vyema usiruke.

Moto wa hita unatoka wapi

Hita ya gari la petroli au dizeli haina moto wake, inaazima ule ambao injini inautupa. Takriban theluthi ya nishati ya mafuta yanayochomwa huishia kwenye maji yanayopoza injini. Sehemu ya maji hayo hupitishwa kwenye rejeta ndogo, yenye ukubwa wa kitabu kinene hivi, iliyofichwa ndani ya dashibodi. Feni inapuliza hewa katikati ya mapezi yake, hewa inabeba moto, inakujia. Njiani kuna kilango kinachoamua hewa ipite kwenye rejeta hiyo au ipite pembeni yake. Kilango hicho ndicho unachokisogeza unapozungusha kitufe cha joto.

Basi yanahitajika mambo manne: maji yatoshe, yapate moto, yazunguke, na hewa ipite mahali pake. Hita ikipuliza baridi, mojawapo limekosekana. Matatu ya kwanza ni ya mfumo wa kupoza injini, na ndiyo maana hita baridi si suala la starehe tu. Mara nyingi ni dalili ya kwanza kwamba injini inaishiwa maji, siku kadhaa kabla mshale wa joto haujapanda.

Magari yanayoendeshwa na umeme mtupu yana hita yake ya umeme au pampu ya joto, na nyaya za umeme mkubwa ambazo hazichezewi nyumbani. Hayo yaache kwa fundi aliyesomea. Volkswagen Beetle za zamani nazo hazina maji kabisa: injini yake hupozwa kwa hewa, na hita huchukua moto kwenye ekzosi.

Hatua ya 1: sikiliza gari kabla ya kufungua boneti

Jiulize baridi inakuja lini. Jibu lake linapunguza kazi nusu nzima.

Hita ina moto ukiwa kwenye mwendo lakini inapoa ukisimama kwenye foleni? Maji yamepungua, au kuna upepo umenasa ndani ya mfumo, au pampu imechoka. Injini ikizunguka taratibu, pampu haina nguvu ya kuyasukuma maji yaliyobaki hadi juu kwenye rejeta ndogo. Ukikanyaga mafuta, yanafika.

Ni kinyume chake, yaani ina moto ukisimama na inapoa ukikimbia barabara kuu? Thamostati imebaki wazi. Maji yanapita kwenye rejeta kubwa muda wote, upepo wa mwendo unayapoza kupita kiasi, na mshale wa joto unalala chini ya pale ulipozoea kuuona.

Upande wa dereva moto, wa abiria baridi? Kwenye magari yenye vitufe viwili vya joto, mshukiwa wa kwanza ni kimota cha kilango cha upande mmoja. Ila rejeta ndogo iliyoziba nusu, au maji yaliyopungua kidogo, nayo huleta dalili hiyo hiyo, kwa hiyo usihukumu bado.

Feni haipulizi kabisa? Huo ni ugonjwa mwingine: fyuzi, mota ya feni, au rizista yake (kifaa kinachopunguza kasi ya feni). Feni inayofanya kazi kwenye kasi ya mwisho peke yake karibu kila mara ni rizista. Na kama hewa ni ya moto lakini inatoka kama pumzi ya mgonjwa, vuta filta ya hewa ya kabini, ambayo mara nyingi iko nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria, uone imebeba majani na vumbi kiasi gani.

Mwisho wa hatua hii, angalia mshale wa joto, au bora zaidi, chomeka kisomaji cha OBD2, kifaa kinachosoma taarifa za kompyuta ya gari. Kisomaji kinakupa joto la maji kwa namba, na namba haikisii. Injini nyingi zikishapata moto hukaa kati ya nyuzi joto 85 na 105 za Selsiasi. Ukiendesha dakika kumi na tano na bado unaona 60 au 65, sababu unayo tayari. Msimbo wa hitilafu P0128 nao unasema hivyo hivyo: maji hayafiki kwenye joto ambalo thamostati ilipaswa kuyalinda.

Hatua ya 2: kiwango cha kulanti, injini ikiwa imepoa

Imepoa kweli, si "imepoa kidogo". Mfumo unafanya kazi chini ya mgandamizo, kwa kawaida kama bar 1 hivi juu ya ule wa hewa, na kwa mgandamizo huo maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Ukifungua kifuniko yakiwa na nyuzi 105, mgandamizo unaondoka ghafla na maji yote yanachemka kwa mara moja, usoni kwako. Acha gari likae saa kadhaa, au fanya kazi hii asubuhi kabla ya kuwasha.

Tangi dogo la akiba lina alama mbili, ya chini na ya juu. Kulanti iwe katikati yake. Kama gari lina kifuniko juu ya rejeta yenyewe, fungua na hicho, kwa sababu tangi la akiba linaweza kuonekana limejaa ilhali rejeta ni tupu. Hilo hutokea sana kifuniko kikizeeka: mpira wake unakakamaa, na maji yaliyotoka kwenda kwenye tangi hayarudi tena injini inapopoa.

Ikiwa imepungua, ongeza aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Rangi usiiamini, kila kiwanda kinapaka inavyopenda, na kulanti mbili za kijani zinaweza kuwa na dawa zisizopatana. Zikichanganywa, dawa ya kuzuia kutu huisha mapema, na mara nyingine hutokea uji mzito ambao hupenda kwenda kukaa ndani ya rejeta ndogo. Mchanganyiko wa nusu maji yaliyosafishwa na nusu kulanti ya glaikoli haugandi mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Glaikoli ni sumu na ina utamu, kwa hiyo ikimwagika ifute mara moja. Mbwa, paka na watoto huilamba.

Ukiona uliongeza zaidi ya nusu lita, usifunge boneti ukashukuru tu. Maji hayo yamekwenda mahali. Tutarudi kwenye hilo.

Hatua ya 3: mipira yenyewe

Simama mbele ya gari, tazama ule ukuta wa bati unaotenganisha injini na kabini. Utaona mipira miwili, minene kama kidole gumba au zaidi kidogo, inaingia ukutani sambamba. Hiyo ndiyo ya hita. Usiichanganye na mabomba ya eyakondishena, ambayo huwa ni ya aluminiamu, moja jembamba na jingine nene.

Washa gari, liache hadi mshale ufike mahali pake pa kawaida, weka hita kwenye moto wa mwisho na feni kwenye kasi ya chini. Kasi ya chini, kwa sababu feni kali inaupoza mpira wa kurudi na kukudanganya. Kisha gusa mpira mmoja baada ya mwingine kwa mgongo wa kidole, haraka, kama mtu anayejaribu pasi. Angalia mikono ya shati isikaribie mkanda wala feni ya rejeta, maana feni ya umeme huwaka yenyewe bila taarifa. Kama una kipimajoto cha kuelekeza, kinachopima bila kugusa, hicho ni bora kuliko kidole.

Majibu ni matatu. Mipira yote miwili ikiwa baridi au ya uvuguvugu, maji ya moto hayafiki: nenda hatua ya 4. Mmoja ukiunguza na mwingine ukiwa baridi, maji yanafika lakini hayapiti: hatua ya 5. Yote miwili ikiunguza, injini na maji vimetimiza wajibu wao na ugonjwa uko ndani ya dashibodi: hatua ya 6. Kwa wenye kipimajoto, tofauti ya nyuzi kumi au kumi na tano kati ya kuingia na kutoka ni ya kawaida, kwani huo ndio moto ulioachwa kabini. Zikizidi 25, anza kushuku uzibaji.

Hatua ya 4: mipira yote baridi

Kiwango cha kulanti tumeshakikagua, tuseme kipo sawa. Wanabaki upepo, thamostati na pampu, na mimi huanza na upepo kwa sababu kuutoa hakuhitaji kununua chochote.

Upepo hunasa kwenye mfumo baada ya maji kupungua, au baada ya mtu kubadilisha rejeta, mpira au kulanti akajaza haraka haraka. Rejeta ndogo mara nyingi iko juu kuliko sehemu nyingine, na upepo hupenda juu. Dalili yake ni sauti ya maji yanayomwagika nyuma ya dashibodi unapokanyaga mafuta, kama mtu anatikisa chupa iliyojaa nusu. Namna ya kuutoa:

1. Injini ikiwa baridi, egesha gari pua ikiwa juu, kwenye mteremko au kwa kupandisha magurudumu ya mbele kwenye ngazi maalumu. Vuta breki ya mkono, zuia magurudumu ya nyuma.
2. Fungua kifuniko cha rejeta au cha tangi la mgandamizo, jaza hadi juu. Faneli inayobana mdomoni inasaidia sana, kwa sababu maji hukaa juu kuliko sehemu zote za mfumo.
3. Weka hita kwenye moto wa mwisho, feni chini kabisa. Kwenye magari yenye vali ya hita, hii ndiyo inayoifungua.
4. Kama kuna skrubu ya kutolea upepo (kwa kawaida iko karibu na nyumba ya thamostati au kwenye mpira wa juu), ilegeze mpaka yatoke maji matupu bila mapovu, kisha ikaze. Nyingi ni za plastiki. Ukikaza kwa hasira inakatika.
5. Washa injini na uiache. Maji yatashuka, ongeza. Mapovu yatakuja, acha yaje. Mpira wa juu wa rejeta kubwa ukianza kuunguza, thamostati imefunguka, na kwa kawaida ndipo tonge kubwa la upepo hutoka na maji kushuka ghafla.
6. Minya mpira wa juu mara kadhaa ukiwa umevaa glavu nene, kanyaga mafuta polepole hadi mizunguko 2,000 kwa dakika, shusha, rudia. Mapovu yakikoma na hita ikatoa moto, jaza, funga kifuniko.

Usikimbilie kufunga. Dakika ishirini ni kawaida, na kuna magari yanayotaka mara mbili. Mapovu yakiendelea bila kukoma, madogo madogo, kama soda, si upepo wa kawaida tena. Soma sehemu ya mwisho.

Thamostati sasa. Kuijua kwamba imebaki wazi hakuhitaji kuifungua. Washa injini iliyolala usiku kucha na ushike mpira wa juu wa rejeta kubwa. Kwa dakika kadhaa za mwanzo unapaswa kubaki baridi, halafu ghafla upate moto. Ukipata uvuguvugu taratibu tangu dakika ya kwanza, sambamba na injini, mlango uko wazi.

Ukiitoa, usiitupe kabla ya kuijaribu. Nusu saa hiyo inakufundisha kitu. Tazama namba iliyochongwa kwenye bati lake: 82, 88, 92. Hilo ndilo joto la kuanza kufunguka. Ifunge uzi, uupitishe uzi huo kwenye mdomo wa vali ili vali iubane, kisha itumbukize kwenye sufuria ya maji, ining'inie bila kugusa chini, na kipimajoto cha jikoni kando yake. Bandika. Kwa muda mrefu hakuna kinachotokea. Kisha, karibu na ile namba, utaona ufa mwembamba kama unywele kati ya bati na vali, uzi unateleza, na thamostati inazama chini kwa mlio mdogo. Endelea kupasha: inapaswa kuendelea kufunguka kadiri maji yanavyozidi kupata moto. Itoe kwenye maji, itajifunga yenyewe polepole. Kama ulipoishika mkononi ikiwa baridi ulikuwa tayari unaona mwanga katikati, jaribio limekwisha kabla ya kuwasha jiko. Ukifunga mpya, ile tundu ndogo yenye kijipini kinachocheza iwe juu, maana ndiyo njia ya upepo, na weka gasketi mpya hata kama ya zamani inaonekana nzima.

Wapo watakaokushauri uiondoe thamostati moja kwa moja, "injini isichemke". Kwa gari lenye hita huo ni ushauri mbaya mara mbili: hutapata moto kabini, na injini inayoendeshwa baridi inakula mafuta zaidi na kulika haraka.

Pampu ndiyo ya mwisho. Tazama kitundu kidogo chini ya mhimili wake: michirizi ya kulanti iliyokauka hapo ina maana sili imekufa. Mlio wa kusaga, au puli inayocheza ukiitikisa mkanda ukiwa umetolewa, ni beringi. Kuna ugonjwa mmoja usioonekana kwa nje: mapanga ya ndani yaliyolika na kutu, au, kwenye pampu zenye mapanga ya plastiki, yaliyopasuka na kuzunguka bure juu ya mhimili. Huyo hukamatwa kwa kuondoa wengine wote. Baadhi ya magari ya haibridi yana pampu ya umeme isiyo na mkanda. Ikifa, injini inanguruma vizuri na maji yamesimama tuli.

Hatua ya 5: mmoja unaunguza, mwingine baridi

Kwanza tafuta kama mmoja wa mipira una vali kabla ya kufika ukutani. Magari mengi ya zamani yanayo, ikivutwa kwa kebo au kwa mrija mwembamba wa vakyumu. Mwambie mtu azungushe kitufe cha joto huku wewe ukitazama. Mkono wa vali usiposogea, kebo imechomoka au imekatika, au mrija wa vakyumu umepasuka, na hizo ni kazi ndogo sana. Ukisogea na mpira wa pili ukabaki baridi, vali imeganda kwa ndani au rejeta ndogo imeziba.

Kinachoiziba huwa ni kutu, chumvi ya maji ya bomba, uji wa kulanti zilizogombana, na ile dawa ya kuziba matobo ambayo mtu alimwaga kwenye rejeta akidhani anaokoa. Dawa hiyo haijui tofauti ya tobo na mrija mwembamba. Kwa bahati nzuri rejeta ndogo nyingi zinaweza kuoshwa bila kung'oa dashibodi.

Injini ikiwa baridi, weka beseni chini. Chora alama kuonyesha mpira upi ni wa kuingia. Legeza klipu kwa plaisi, kisha zungusha mpira taratibu kabla ya kuuvuta. Mpira uliogandamana kwenye bomba usiuvute kwa nguvu wala kuuchokonoa na bisibisi: vijibomba vya rejeta ndogo ni vya aluminiamu au shaba nyembamba, na ukikipinda kimoja umejitengenezea siku mbili za kung'oa dashibodi. Mpira ukikataa, ukate kwa urefu na kisu, ununue mwingine.

Unganisha mpira wa bustani kwenye bomba la kutoka, si la kuingia, ili uusukume uchafu kurudi ulikotokea. Kwenye bomba la pili funga kipande cha mpira kinachoelekea ndooni. Fungua maji kidogo kidogo. Nguvu ya bomba la nyumbani ikiachwa yote inaweza kuupasua mshono wa rejeta, na maji yataishia kwenye kapeti. Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii, kwa sekunde kama tano hakikutoka kitu. Halafu mpira ukakohoa, ndoo ikapokea kitu cheusi kizito, kisha maji mekundu kama udongo wa mfinyanzi, na chini ya ndoo vikabaki vipande vyembamba vya kutu vinavyong'aa kama magamba. Endelea hadi yatoke meupe, geuza mwelekeo, kisha geuza tena. Yakitoka kwa shida bado, ijaze dawa ya kusafishia mfumo wa kupoza kama maelekezo ya chupa yanavyosema, iache muda wake, osha tena. Asidi kali ya chooni isiguse aluminiamu kamwe.

Kabla ya kurudisha mipira, sukuma nje maji ya bomba yaliyobaki kwa pumzi ya mdomo kupitia kipande safi cha mpira, kwa sababu yatapunguza nguvu ya kulanti yako na yanaweza kuganda. Maji machafu ya ndoo yana glaikoli, kwa hiyo yapeleke panapopokelewa oili chafu, usiyamwage mtaroni. Rudisha mipira, jaza, toa upepo kama hatua ya 4. Kama hita inapata moto wiki mbili kisha inapoa tena, rejeta ndogo inahitaji kubadilishwa, na mfumo mzima kuoshwa kabla mpya haijafungwa.

Hatua ya 6: yote miwili inaunguza

Zima redio, zima injini, washa swichi tu, na zungusha kitufe cha joto kutoka baridi hadi moto polepole, sikio karibu na dashibodi. Unapaswa kusikia kimota kikinung'unika kidogo na kilango kikigonga mwisho wake. Ukisikia tak-tak-tak inayojirudia, gia ya plastiki ndani ya kimota imevunjika meno. Ukimya mtupu una maana kimota hakipati umeme, au kimekufa.

Kwenye baadhi ya magari kimota hupoteza hesabu yake betri ikiisha, na kinajipanga upya ukichomoa fyuzi ya hita kwa dakika chache kisha ukawasha swichi bila kugusa vitufe. Jaribu hilo kabla ya kushika bisibisi.

Lisiposaidia, itabidi ukifikie. Kiko ubavuni mwa sanduku la hita, mara nyingi karibu na miguu ya dereva au nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria, kimeshikwa na skrubu mbili au tatu. Kama njia yako inapita karibu na nyaya zilizofunikwa kwa rangi ya njano, hizo ni za eabegi: chomoa betri, subiri muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, ndipo uendelee. Kimota kikitoka, shika mhimili wa kilango kwa vidole uuzungushe. Ukizunguka na kukwama pande zote mbili, kilango ni kizima na kimota ndicho mbovu. Ukizunguka bila mwisho, kilango kimekatika ndani, na hiyo ndiyo kazi ndefu. Wakati unasubiri kimota kipya unaweza kukizungusha kilango kwa mkono hadi upande wa moto na kuishi hivyo. Utapunguza joto kwa kupunguza feni.

Magari ya kebo ni rahisi zaidi: klipu imechomoka. Irudishe.

Kulanti inayoendelea kupungua

Harufu tamu kabini, ukungu wa mafuta mafuta kwenye kioo cha mbele usiofutika kwa kitambaa, kapeti lenye unyevu upande wa abiria: rejeta ndogo inavuja. Ukiwa safarini unaweza kuiruka kwa kuunganisha mipira miwili kwa kipande cha bomba, injini ikabaki salama na wewe ukavaa koti. Hakikisha tu kioo hakipati ukungu, maana bila hita ni vigumu kukikausha.

Kapeti likiwa kavu, hakuna tone chini ya gari, lakini kulanti inapungua na mapovu hayakomi, moshi wa injini unaingia kwenye maji kupitia gasketi ya silinda hedi. Fundi ana chupa yenye dawa ya bluu inayowekwa mdomoni mwa rejeta. Gesi ya ekzosi ikiwemo, kwenye injini ya petroli dawa hugeuka njano. Moshi mweupe wenye utamu nyuma na oili yenye rangi ya maziwa ni dalili za ugonjwa uliokwisha komaa. Gari la namna hiyo usiendelee kuliendesha.

Ukimaliza kazi yoyote kati ya hizi, weka kipimajoto kwenye tundu la katikati la dashibodi, injini ikiwa na moto na feni kasi ya kati. Hita nzima inatoa hewa ya nyuzi 50 au zaidi. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua boneti tena uangalie tangi la akiba: upepo uliobaki hujitoa usiku injini inapopoa, na kiwango kushuka kidogo siku ya kwanza ni kawaida. Siku ya tatu si kawaida.